Injini Imefungwa, Klachi Haikati

Nilipopiga stata mara ya pili, injini ikawaka. Baada ya miezi minne ya kufungua, kupeleka krenki kuchongwa, kusubiri spea na kufunga upya, sauti ya Volkswagen Beetle ikajaa ua mzima, ile inayofanana na cherehani kilichokasirika. Nikakanyaga klachi, nikatia rivasi. Krrrrr. Nikajaribu gia ya kwanza, ikagoma. Nikazima injini, gia zote zikaingia bila kelele.

Gari hili la 1969 lilikuwa la marehemu baba, ambaye hakuchoka kutukumbusha kwamba Tommy Fjastad alishinda East African Safari ya 1962 kwa Volkswagen kama hii. Mimi hata geti nilishindwa kulivuka.

Kabla ya kushika spana, jua ugonjwa. Klachi hukusumbua kwa namna mbili, na watu wengi huzichanganya. Kuna klachi isiyoshika: unakanyaga mafuta, injini inapanda mbio lakini gari linajikokota, hasa mlimani, na harufu ya kuungua inakufuata. Ukikuta hivyo baada ya kufunga injini, shuku oili inayovuja nyuma ya flaiwili, au grisi iliyozidi mkononi mwako. Halafu kuna klachi isiyokata: umekanyaga pedali mpaka chini, lakini shafti ya giaboksi bado inazungushwa na injini. Hapo gia hulia, na rivasi hulia kwanza kwa sababu haina sinkro. Kanyaga pedali, hesabu mpaka kumi, kisha utie rivasi. Kama bado inalia, kitu kinaburuza. Yangu ililia hata nilipohesabu mpaka thelathini.

Kabla sijaishusha injini, klachi ilikuwa nzima. Kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza alikuwa mimi mwenyewe. Injini ya Beetle iko nyuma, imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti na nati nne tu za spana namba 17, na klachi imekaa kati ya injini na giaboksi. Huwezi kuishusha injini bila kuigusa klachi.

Nilianza na kisichogharimu kitu: pedali. Ukiisukuma kwa kidole, inatakiwa ichezecheze milimita 10 hadi 20 kabla haijawa nzito. Yangu ilicheza karibu 40. Nikaingia chini nyuma ya gari, upande wa kushoto wa giaboksi, kwenye ile nati yenye masikio mwisho wa kebo. Shika ncha ya kebo kwa plaizi unapoikaza, usije ukaisokota yote. Fundi mmoja wa jirani alinishauri nikaze mpaka pedali isicheze kabisa. Usimsikilize mtu wa namna hiyo. Mchezo ukiisha, beringi ya rilisi hubaki imeegemea presha pleti muda wote, nayo itakufa mapema huku klachi ikianza kuteleza.

Nilipoweka milimita 15, rivasi bado ililia.

Nikaangalia lile bomba laini linalofunika kebo kabla haijafika kwenye mkono wa klachi. Linatakiwa liwe limepinda kidogo kuelekea chini, kati ya milimita 25 na 45. Likinyooka, kebo hukwaruza na klachi hutetemesha gari wakati wa kuondoka. Langu lilikuwa sawa. Nikamwita mpwa wangu akanyage pedali nikiwa chini ya gari na tochi. "Mjomba, nimekanyaga!" Mkono wa klachi ulisogea vizuri, ukarudi vizuri. Basi kebo haikuwa na kosa.

Jaribio lililonipa jibu halikuhitaji hata injini kuwaka. Tuliweka kabari kwenye matairi ya mbele, tukainua tairi moja la nyuma kwa jeki na kuliwekea stendi, tukatoa plagi zote nne ili injini iwe nyepesi, tukatia gia ya nne. Mpwa akakanyaga klachi, mimi nikazungusha tairi kwa mkono huku nikitazama puli ya feni. Klachi ikikata, puli hutulia. Ya kwangu ilitambaa pamoja na tairi.

Kosa lilikuwa ndani, na hakukuwa na njia ila kuishusha injini tena.

Nilimwita fundi mzee aliyezifungua Beetle tangu zikiwa magari ya maofisa. "Shikamoo, fundi." "Marahaba. Mlipoipandisha hii injini mlikuwa wangapi?" Wakati huo sikuelewa kwa nini aliuliza. Tulipoishusha injini, akakagua presha pleti kama ina ile pete ya katikati, kwa sababu giaboksi za kabla ya miaka ya sabini huitaka, za baadaye haziitaki, na madukani huuza zote kana kwamba ni kitu kimoja. Ilikuwepo. Akatia kidole kwenye beringi ndogo iliyo ndani ya nati kubwa ya flaiwili. Ikazunguka. Akatazama kama klachi pleti ilifungwa kinyume. Haikuwa hivyo. Kutu pia haikuwepo, ingawa huku pwani gari lililolala muda mrefu huweza kugandisha pleti kwenye flaiwili.

Kisha akabana shafti kuukuu ya giaboksi kwenye jiliwa, akavisha klachi pleti yangu mpya, akashika njiti ya kiberiti karibu na ukingo, akaizungusha taratibu. Upande mmoja pleti iligusa njiti. Ilipofika nusu mzunguko, mwanga ukapita katikati yake. Ilikuwa imepinda.

Hapo nikakumbuka. Jioni ile tulikuwa wawili, giza linaingia, shafti imeshaingia kwenye pleti, nati moja ikaanguka mchangani. Tulipokuwa tukiitafuta, jeki ilishuka kidogo, na injini ya kilo 100 hivi ikabaki imening'inia kwenye shafti ile, uzito wote ukiwa katikati ya pleti. Hazikufika dakika tano.

Mara ya pili tulikuwa watatu. Pleti mpya tuliiweka katikati kwa ile ile shafti kuukuu, bolti za presha pleti tukazikaza kidogo kidogo kwa kuvuka upande hadi upande. Mmoja alikaa na jeki tu, hakuruhusiwa kufanya kingine. Mwingine alizungusha puli polepole mpaka meno yalipokubali, na injini ikasukumwa kwa mikono hadi ikagusana na giaboksi pande zote. Usiivute kwa kukaza bolti. Ikibaki nafasi, ujue kuna kitu hakijalingana, rudi nyuma.

Nikawasha. Nikakanyaga, nikahesabu mpaka tano, nikatia rivasi. Mpwa wangu alikuwa amesimama kando ya mlango, vidole masikioni, akisubiri ile krrrrr.