Mboga ya Sufuriani Kabla ya Kidonge

Sukuma wiki, kabichi na figili ni mboga za ukoo mmoja. Jani likiwa zima, ndani yake mna kemikali iliyolala na, kando yake, kimeng'enya cha kuiamsha. Kisu kikipita, viwili hivyo hukutana, na hapo ndipo hutoka ule ukali unaowasha kidogo ulimini. Majaribio ya maabara yanaonyesha kuwa ukali huo huuchochea mwili kuvunja na kutoa sumu zinazoweza kuharibu seli. Moto ukiwahi, kimeng'enya hufa. Kwa hiyo osha kwanza, katakata, iache mboga dakika kama 30 huku ukimenya vitunguu, kisha ikaange upesi. Ukiichemsha na kumwaga maji, mengi ya faida umeyamwaga.

Kisamvu hakimo katika ukoo huu! Hicho kitwange, ukipike mpaka kiive barabara, maana kibichi kina sumu ya sianidi.

Nyanya nayo hutaka moto. Wekundu wake ni likopini, ambayo mwili huipokea vizuri zaidi nyanya ikipondeka kwenye mafuta kidogo. Karoti na mchicha pia huhitaji mafuta, au karanga, au tui.

Kama nia ni kuzuia saratani, si rahisi zaidi kumeza kidonge? Hilo lilijaribiwa Ufini kwa wavuta sigara zaidi ya 29,000, baadhi yao wakipewa vidonge vya betakarotini, rangi ileile ya karoti. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliovimeza walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa wingi kuliko wenzao. Marekani, jaribio la namna hiyo lilisimamishwa mwaka 1996. Anayekuuzia chupa ya kuzuia saratani pale stendi, mwulize habari za Ufini.

Shirika la Afya Duniani hushauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, karibu viganja vitano. Viazi na muhogo havihesabiwi.

Hata hivyo mboga haifuti sigara wala pombe, wala mahindi na karanga zilizoota ukungu, ambazo sumukuvu yake huleta saratani ya ini. Aliyekwisha kuugua asiache matibabu kwa ajili ya majani, na amwambie daktari mitishamba yoyote anayotumia, kwani mingine huvuruga dawa. Mboga pia si badala ya chanjo: binti wa miaka 9 hadi 14 apelekwe kituo cha afya akapate chanjo ya HPV, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi hicho.