Mafunzo Niliyopata Nyuma ya Kaunta ya Chipsi: Mashabiki wa Rola Kosta na Biashara ya Bustani

Ohio, nchini Marekani, ni jimbo la mahindi, viwanda vya magari na rola kosta. Cedar Point, iliyo kwenye rasi ya Ziwa Erie mjini Sandusky, imekuwa ikipokea wageni tangu 1870. Kings Island, karibu na Cincinnati, ilifunguliwa 1972. Nikiwa mwanafunzi jimboni humo nilifanya kazi za msimu katika bustani ya burudani ambayo sitaitaja, kwanza kwenye kaunta ya chipsi na soda, baadaye katika chumba cha kuhesabia mauzo ya jioni. Wageni niliowazoea zaidi walikuwa mashabiki: watu wazima wenye kazi zao, waliovaa fulana zenye majina ya rola kosta walizopanda, wanaozunguka jimbo hadi jimbo kuifuata treni inayopandishwa mlima wa chuma kisha ikaachiwa iporomoke. Wana hata chama chao, American Coaster Enthusiasts, kilichoanzishwa 1978. Kila mmoja wao ana maoni kuhusu namna bustani inavyopaswa kuendeshwa, na huyatoa bila kuombwa.

1. Mashine wanaijua kuliko sisi tulioajiriwa

Shabiki hakuulizi kama rola kosta inatisha. Anajua kama imeundwa na Bolliger & Mabillard wa Uswisi, Intamin, au Rocky Mountain Construction ya Idaho, na anajua tofauti ya kila mmoja kwa mgongo na magoti yake. Anajua kuwa Steel Vengeance ya Cedar Point, iliyofunguliwa 2018, imejengwa juu ya mifupa ya mbao ya Mean Streak ya 1991. Msimamizi wetu wa zamu alikuwa akipata habari za treni iliyopelekwa karakana kutoka kwa wageni kabla hajaletewa na mafundi. Hapo sina ubishi nao.

2. Shabiki mwenye saa ni mkaguzi wa bure

Hili ndilo somo ambalo wakubwa wengi wa ofisini wangelichukua kama wangekaa foleni. Shabiki husimama kituoni, anapima muda tangu treni moja iondoke mpaka inayofuata iondoke. Chukua treni ya abiria 36. Ikiondoka moja kila sekunde 90, wanapanda watu 1,440 kwa saa. Vijana wa kufunga mikanda wakiwa wachache au hawajafunzwa vizuri, muda ukafika dakika tatu, wanapanda 720. Mashine ni ileile, umeme ni uleule, na foleni imekuwa ndefu maradufu.

Wengi huona hilo ni suala la starehe tu. Sisi wa kaunta tulijua ni fedha. Mtu aliyekwama foleni saa mbili hanunui chipsi, hatupi mpira ili ashinde mdoli, hapigi picha ya kuuziwa. Siku ambazo treni zilikwenda polepole, meza zetu zilikaa tupu mchana, kisha jioni watu wakaja wote kwa mkupuo wakiwa na hasira, nasi tukiwa na vikaango viwili. Mashabiki walikuwa wakilalamikia foleni bila kujua kwamba wanazungumzia mauzo yetu.

3. Anayependa zaidi si lazima awe anayelipa zaidi

Kipenda roho hula nyama mbichi, lakini hanunui ya kukaanga. Shabiki wa kweli ana tiketi ya msimu, ambayo bei yake hurudi baada ya kuingia mara chache. Anafika geti linapofunguliwa, anapanda mpaka achoke, anakwenda kula mkate wake kwenye gari, anarudi. Nilimpenda kwa maneno yake. Kwenye karatasi ya mauzo sikumwona.

Katika ripoti za kampuni kubwa za Marekani, kiingilio huleta takribani nusu ya mapato. Nusu nyingine hutoka kwenye chakula, vinywaji, michezo, maegesho, hoteli na vitu kama Fast Lane, tiketi ya kuruka foleni iliyoanza Kings Island mwaka 2011. Mashabiki waliichukia tiketi hiyo, wakisema inawapendelea wenye hela. Ni kweli. Lakini iangalie kwa jicho la mhasibu: ni mapato mapya bila kumwaga zege hata ndoo moja.

Mgeni anayeibeba bustani ni familia ya watu wanne waliokuja Jumamosi moja tu mwaka mzima. Baba analipia maegesho, mtoto anataka aiskrimu, jua linachoma, kila mmoja anataka soda. Ndiyo maana bustani inapotangaza sehemu mpya ya watoto wadogo, mashabiki huguna na wenye hisa hutabasamu. Zipo njia nyingine. Holiday World, bustani ya familia huko Santa Claus, Indiana, imekuwa ikitoa soda bure tangu 2000; Knoebels ya Pennsylvania haitozi kiingilio, unalipia unachopanda. Mashabiki huzitaja mbili hizi kama mfano wa kuigwa na kila mtu. Mimi huwajibu kwamba hazina maelfu ya wenye hisa wanaosubiri gawio.

4. Urefu una gharama isiyoandikwa kwenye bango

Mwaka 1989 Cedar Point ilifungua Magnum XL-200, yenye urefu wa mita 62, kwa takribani dola milioni 8. Ilijaza geti. Mwaka 2000 ikaja Millennium Force, mita 94, dola milioni 25, na hadi leo inafanya kazi kwa heshima. Ukiwasikiliza mashabiki, hesabu ni rahisi: ongeza urefu, ongeza watu.

Kisha ikaja Top Thrill Dragster, 2003, mita 128. Safari ilikuwa ya sekunde chache, mitambo ya kuirusha ilikuwa korofi. Agosti 2021 kipande cha chuma kiling'oka na kumjeruhi mwanamke aliyekuwa foleni. Ikafungwa, ikatengenezwa upya, ikafunguliwa Mei 2024 kwa jina la Top Thrill 2, ikafanya kazi siku chache na kusimama tena hadi 2025. Kingda Ka ya New Jersey, mita 139, ndefu kuliko zote duniani tangu 2005, ilibomolewa kwa baruti Februari 2025. Mashabiki walihuzunika. Sidhani kama mafundi waliokuwa wakiamka alfajiri kuihudumia walihuzunika kiasi hicho.

5. Deni huua kabla rola kosta haijachoka

Mfano ninaoupenda ni Geauga Lake, karibu na Cleveland, bustani iliyoanza karne ya 19. Kampuni ya bustani ya Six Flags ilipoichukua iliongeza rola kosta nne mpya katika mwaka mmoja, 2000. Mwaka uliofuata ikainunua SeaWorld iliyokuwa ng'ambo ya ziwa kwa dola milioni 110 na kuziunganisha. Kwa shabiki hiyo ilikuwa neema. Mwaka 2004 yote iliuzwa kwa Cedar Fair, kampuni mama ya Cedar Point, kwa dola milioni 145, na upande wa rola kosta ukafungwa 2007. Six Flags yenyewe iliingia mahakama ya ufilisi Juni 2009 ikiwa na deni la dola bilioni 2.4. Bustani zake hazikukosa rola kosta; zilikuwa na nyingi, zilizonunuliwa kwa mkopo.

Hard Rock Park ya Myrtle Beach ndiyo mfano mchungu zaidi. Iligharimu dola milioni 400, ikafunguliwa 2008 na rola kosta nzuri yenye jina la Led Zeppelin, ikafilisika mwaka uleule.

6. Ofisi nayo hukosea

Isidhaniwe kwamba wenye suti wako sahihi daima. Mwaka 2022 uongozi wa Six Flags uliamua kubana mapunguzo ya bei na kutafuta wageni wachache wanaotumia zaidi. Wageni walishuka kutoka milioni 27.7 mwaka 2021 hadi milioni 20.5, na ingawa kila mmoja alitumia zaidi, mapato ya jumla yalipungua. Mashabiki niliokuwa bado nawasiliana nao walinung'unika tangu mwanzo. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kijana mwenye tiketi rahisi leo ndiye mzazi wa kesho mwenye watoto watatu.

7. Ardhi

Hili karibu hakuna shabiki anayelizungumza. Mwaka 2022 ardhi ya California's Great America, katikati ya kampuni za teknolojia huko Santa Clara, iliuzwa kwa Prologis, kampuni ya maghala, kwa dola milioni 310. Six Flags America ya Maryland ilifungwa tarehe 2 Novemba 2025, na ardhi ikawekwa sokoni. Hakuna rola kosta inayoweza kushindana na bei ya ardhi ya aina hiyo.

Kwa hiyo msomaji, ukifika Ohio kiangazi, nenda siku ya katikati ya wiki, ule kabla ya kuingia, na umwachie shabiki akupangie kipi upande kwanza, hatakuangusha. Cedar Fair na Six Flags ziliungana Julai 2024, na hisa za kampuni hiyo zinauzwa New York kwa alama ya FUN. Kuhusu hisa hizo, usimwulize shabiki; mtafute mtu mwingine.