Likizo ya Maabara: Vidokezo 7 kwa Mwanafunzi wa Sayansi

Umechora mzunguko wa maisha ya kimelea cha malaria tangu sekondari, lakini kimelea chenyewe umekiona mara ngapi? Kwenye praktikali za chuo wanafunzi huwa wengi kuliko hadubini. Likizo ndefu ndiyo wakati wa mkono kujifunza kile ambacho kichwa kimekariri. Hivi ndivyo utakavyoitumia.

1. Omba Januari kwa ajili ya Julai. Maabara nzuri hujaa mapema. CERN, kituo cha fizikia cha Geneva, kwa kawaida hufunga maombi ya wanafunzi wa kiangazi mwishoni mwa Januari. Kinapokea hata wanaotoka nchi zisizo wanachama, mradi wawe wamemaliza angalau miaka mitatu ya chuo kabla ya kiangazi hicho. Soma masharti kabla ya kujaza fomu: programu za REU za Marekani, zinazowapa wanafunzi nafasi za utafiti, kwa mfano, karibu zote hufadhili raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo tu. Usipoteze wiki kubisha mlango usiokuhusu.

2. Angalia jirani kabla ya kupanda ndege. Nairobi kuna icipe, taasisi ya wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Kilifi kuna kituo cha KEMRI-Wellcome, kilichoanza kazi mwaka 1989. Taasisi ya Afya Ifakara inachunguza mbu na malaria katika bonde la Kilombero na Bagamoyo. Anayependa bahari aende Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Hapa kwetu tatizo linalochunguzwa liko nje ya dirisha la maabara, na hiyo ni faida ambayo mwanafunzi wa Ulaya hana.

3. Barua iseme umesoma nini. "Naomba nafasi ya fildi katika taasisi yenu tukufu" ni sentensi ambayo watafiti huipokea kila wiki. Soma makala moja ya kundi unaloliomba, kisha andika: "Nimesoma kazi yenu kuhusu mbu wanaouma nje ya nyumba, na ningependa kujifunza jinsi mnavyowatega." Ambatanisha wasifu wa ukurasa mmoja, matokeo yako na barua ya utambulisho ya chuo. Zikipita wiki mbili kimya, kumbusha kwa adabu. Kimya mara nyingi ni shughuli nyingi, hakimaanishi umekataliwa.

4. Uliza habari ya pesa bila haya. Utalala wapi? Nauli na chakula ni za nani? Kuna posho, au wewe ndiye unayetakiwa kulipia mafunzo? Uliza kabla ya kukubali. Kwa Tanzania, kama unapata mkopo wa HESLB, ulizia chuoni fungu la mafunzo kwa vitendo na kama kozi yako inahusika. Nimeona vijana hodari wakikatisha wiki ya tatu kwa sababu ya nauli ya daladala, na jambo hilo huniuma kila nikilikumbuka.

5. Jifunze pipeti kabla ya ugunduzi. Kitufe cha pipeti kina vituo viwili. Unapovuta, bonyeza hadi kituo cha kwanza *kabla* ya kuzamisha ncha, kisha achia polepole. Unapomimina, bonyeza hadi cha pili. Ukivuta kutoka kituo cha pili utachukua kimiminika kupita kiasi, na jaribio lako litaharibika bila wewe kujua. Jipime kwa maji na mizani: mikrolita 100 za maji zina uzito wa takriban gramu 0.1. Rudia hadi namba zifanane. Na mheshimu fundi sanifu wa maabara, maana mikono yake inajua mengi ambayo hayamo kwenye kitabu.

6. Andika hata kilichoharibika. Daftari la maabara huandikwa kwa kalamu ya wino, siku hiyohiyo, na kosa hukatwa kwa mstari mmoja, halifutwi. Katika PCR, kila mara weka mrija mmoja wenye maji badala ya DNA. Mrija huo ukitoa matokeo, ujue kuna uchafu umeingia, na majibu mengine yote yana mashaka. Usijaribu kuuficha. Mwambie msimamizi saa hiyohiyo. Mwanafunzi anayesema ukweli kuhusu mrija wa maji ataaminiwa kushika sampuli za wagonjwa.

7. Ondoka vizuri. Wiki ya mwisho isiwe ya kwaheri na picha tu. Wasilisha ulichofanya, hata kwa dakika kumi. Omba barua ya mapendekezo msimamizi angali anakukumbuka, kabla hujawa jina moja kati ya mengi. Kisha fungua friza, pitia mirija yako mmoja mmoja, na uandike upya kila lebo iliyofifia: jina, tarehe, kilichomo. Mwakani mwanafunzi mwingine atakuja na maswali yako yaleyale, na ataanza pale ulipoishia ikiwa tu ataweza kuusoma mwandiko wako.