Mchoro wa Vekta na Vidhibiti vya Fomu

Mchoro wa kompyuta huhifadhiwa kwa njia mbili. Katika njia ya nukta, picha hugawanywa katika nukta ndogo nyingi, na kila nukta hupewa rangi yake. Katika njia ya vekta, kinachohifadhiwa si picha yenyewe bali maelezo ya jinsi ya kuichora. Kwa duara, maelezo hayo ni mahali pa kitovu, urefu wa nusu kipenyo, na rangi. Kwenye wavuti, maelezo hayo huandikwa kwa lugha ya SVG, iliyoidhinishwa mwaka 2001 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti.

Kwa kuwa duara limeelezwa kwa tarakimu, laweza kubadilishwa mbele ya mwanafunzi. Nusu kipenyo kikiongezwa kutoka 20 hadi 40, eneo haliwi mara mbili bali mara nne. Mwanafunzi hulishuhudia jambo hilo akipewa kidhibiti cha kutelezesha, ambacho thamani yake hupelekwa na programu fupi kwenye nusu kipenyo.

Tatizo ni kwamba SVG ina mistari, maduara, mistatili na maandishi, lakini haina kitufe, kisanduku cha kujazia wala kidhibiti cha kutelezesha. Hivyo vyote ni vya HTML, lugha ya kurasa. Kwa hiyo mtunzi ana njia tatu: kuweka vidhibiti vya HTML kando ya mchoro, kuvipachika ndani yake kwa kutumia elementi ya foreignObject, au kuvichora mwenyewe kwa mistatili na maduara.

Njia ya tatu hupendeza macho, lakini ina hasara. Kitufe cha HTML hufikiwa kwa kibodi, na programu ya kusoma skrini humtajia asiyeona jina na kazi yake. Mstatili uliochorwa ukafanana na kitufe hubaki mstatili tu, mpaka mtunzi aongeze sifa hizo moja moja. Akisahau, mwanafunzi asiyeona, au asiyeweza kutumia kipanya, huachwa nje ya somo.

Kwa masomo ya shule, njia ya kwanza yatosha. Kabla ya kuutumia ukurasa darasani, mwalimu na aweke kipanya kando na kuujaribu kwa kibodi peke yake.

Zoezi: Nusu kipenyo kikiongezwa kutoka 20 hadi 60, eneo la duara litakuwa mara ngapi ya lile la awali?