SOMO: KUSEMA "SIJUI" KUNATAKA MOYO



Kila mtu hutaka kesho yake iwe njema. Lakini kesho hufika ikamkuta mtu palepale. Kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu hajajitazama. Kidonda usichokubali kukionyesha hakitibiki. Wazee walisema: Mficha uchi hazai.

Tutazame mambo ya kweli yaliyotokea nchini mwetu.

Dole gumba

Wakati wa ukoloni, wanaume wengi wa Buha, kama vile Kasulu na Kibondo, walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo cha kuwakusanyia vibarua, kikiitwa Silabu. Vibarua hao waliitwa manamba, maana walijulikana kwa namba.

Asiyejua kuandika aliweka dole gumba kwenye mkataba. Yaliyoandikwa humo aliambiwa tu. Barua ya kwenda kwa mkewe aliandikiwa na mtu mwingine, na huko nyumbani ikasomwa na mtu mwingine. Siri ya watu wawili ikawa ya watu wanne.

Neno moja zito

Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 nchini, 67 hivi hawakujua kusoma wala kuandika. Tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa shuleni na hata chini ya miti. Walimu wengine walikuwa vijana waliomaliza shule ya msingi tu.

Hebu fikiri, ndugu. Babu mwenye wajukuu anafundishwa kushika kalamu na kijana wa rika la mwanawe! Mama anaketi darasani na mtoto mgongoni. Kabla ya kuketi, kila mmoja alipaswa kukubali moyoni neno moja: "Sijui." Neno hilo ni fupi, lakini lina uzito kuliko gunia la mahindi.

Mwaka 1975 wasiojua walikuwa 39 hivi katika kila 100. Mwaka 1977 walikuwa 27. Serikali ilileta vitabu na walimu. Lakini hakuna serikali iwezayo kusema "sijui" kwa niaba yako.

Kalamu ni kioo

Wewe sasa unajua kusoma. Je, umemaliza? Bado. Tuseme yupo mkulima hapa Kabanga ambaye kila mwaka hulalamika, "Mimi sina bahati." Siku moja anasema, "Sijui fedha zangu zinakwenda wapi. Acha niandike." Anaandika siku 30. Anakuta kila jioni ameacha shilingi 1,000 kilabuni.

1,000 × siku 30 = shilingi 30,000
1,000 × siku 365 = shilingi 365,000

Kumbe hakulogwa na mtu! Sasa amejijua. Kubaki kunataka ujasiri. Kesho jioni apite njia nyingine. Wenzake watamcheka. Na acheke nao, kisha aende zake. Kicheko hicho ndiyo ada ya shule yake.

Lakini tusidanganyane. Si kila shida ni kosa la mtu. Mvua ikikosekana, au bei ya maharage ikishuka, usijilaumu. Kujijua ni kutenganisha yaliyo mikononi mwako na yasiyokuwamo.

ZOEZI

1. Kunja karatasi mara mbili. Upande mmoja andika: Shida zangu zilizo mikononi mwangu. Upande wa pili: Zisizo mikononi mwangu.

2. Chagua shida moja tu ya upande wa kwanza. Andika utafanya nini kesho asubuhi. Tia tarehe.

3. Msomee mtu mmoja unayemwamini: mke, mume au ndugu.

4. Baada ya siku 30, soma tena. Ukikuta umeanguka, andika tarehe mpya uanze upya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini watu wazima huona haya kusema "sijui"?

2. Uliza dukani bati moja ni shilingi ngapi. Shilingi 365,000 zinanunua mabati mangapi?

3. Jirani yenu hajui kusoma naye huficha. Mtamwalikaje darasani bila kumwaibisha?