Habari ya Ghafla na Njia ya Emau
Somo: Luka 24:13-35

Wapendwa, siku ileile wanawake walipoleta habari ya kaburi tupu, wanafunzi wawili waliondoka Yerusalemu. Habari ile ilikuwa imewashtua. Walishika njia ya kijiji cha Emau, kama kilomita 11, wakizungumza.

Tuangalie alivyofanya Yesu. Aliwakaribia, akaandamana nao, akauliza wanazungumza nini. Yeye aliyajua yote kuliko wao! Hata hivyo alimwacha Kleopa aeleze mpaka mwisho: msalaba, tumaini walilokuwa nalo, maneno ya wanawake. Maandiko aliwafafanulia baadaye.

Huku Uingereza habari za nyumbani hutufikia kwa simu, mara nyingi usiku, nasi tuko mbali na matanga. Tulio wauguzi tunajua mshtuko unavyoingia mwilini: mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, chakula hakipiti. Aliyepata habari ya namna hiyo asiendeshe gari. Mpeni maji, kaeni naye. Akitulia kidogo, mtoeni nje. Kando ya mashamba kuna njia za miguu zilizo wazi kwa kila mtu, zenye alama ya mshale wa njano. (Viatu vya Jumapili viacheni nyumbani, matope ni mengi.) Baba zetu hasa, wanaonyamaza sebuleni, wakitembea bega kwa bega na mwenzao husema. Mistari ya faraja tusiiharakishe. Tuulize, "Ilikuwaje?" kisha tusikilize.

Wale wawili walimtambua Bwana mezani, alipoumega mkate. Hawakungoja asubuhi, walirudi Yerusalemu kwa miguu, njia ileile.