Somo la Nyumbani: Mshubiri wa Kopo

Wengi wetu hapa Ubaruku tukipewa mche wa mshubiri mdogo wa pambo huuotesha kwa udongo wa jaruba na kuumwagilia kila jioni kama mchicha. Hata walimu wastaafu hufanya hivyo! Baada ya majuma machache majani ya chini hulainika, na mche ukiguswa hung'oka, kwa maana mizizi imeoza. Udongo huu mzito unaotupatia mpunga hushika maji, lakini mshubiri huweka akiba yake ya maji ndani ya majani, nao hutaka udongo ukauke kabla ya kumwagiliwa tena.

Basi tutoboe kopo matundu matatu au manne chini, tuchanganye udongo na mchanga wa mtoni nusu kwa nusu. Tuchomeke kidole, kikikuta unyevu, tusimwagilie. Mvua zikianza, kopo lihamie barazani.

Aina iitwayo Aloe juvenna, yenye asili ya Kenya, huwa nyekundu-kahawia ikikaa jua kali. Huo si ugonjwa.

Machipukizi ya pembeni tuyakate kwa kisu safi, tuyaache kivulini siku tatu hivi kidonda kikauke, ndipo tuyapande. Jirani akiomba, apewe chipukizi, asiende kung'oa porini. Utomvu wa manjano utokao jani likikatwa ni mchungu sana na huharisha. Watoto wasiuonje, wala mama mjamzito asipewe kama dawa.